Ajengaye Mashambani Aanze na Maji

Hutukia mara kwa mara, hasa baada ya mitihani ya mwisho wa mwaka, kwamba mwalimu mwenzangu aliyebakisha mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu hunijia kutaka ushauri. Amenunua ekari mbili au tatu katika sehemu kavu ya nchi yetu, mahali ambapo bei ya ardhi bado yaweza kuvumiliwa na mfuko wa mwalimu, na ambapo nyaya za stima hazijafika wala hazielekei kufika karibuni. Anataka kuhamia huko, ajenge, alime, afuge, na aishi pasi na kumtegemea mtu wala kulipa bili kila mwisho wa mwezi. Ni ndoto njema na siilaumu. Lakini swali lake la kwanza huwa ni lile lile: je, paneli ngapi za sola zatosha nyumba ya vyumba vinne?

Mimi humjibu kwa swali. Humwuliza paa la nyumba hiyo litakuwa na ukubwa gani, na maji yatakayoteremka juu yake yataelekea wapi. Aghalabu hunitazama kama mtu aliyeuliza habari za harusi akajibiwa za matanga.

Leo nimekusudia kulijibu swali hilo la paneli mara moja na mbele ya watu, ili wenzangu wasipoteze nauli ya kuja kwangu. Nalijibu pia kwa ajili ya vijana walio shuleni na vyuoni, ambao kesho watarithi mashamba ya wazazi wao au watanunua yao wenyewe. Kosa nitakalolieleza nililitenda mimi mwenyewe, kwa akili timamu na kwa fedha zangu, na kila nikisafiri Ukambani, Tharaka, Kajiado au Laikipia naliona likirudiwa kwa mawe na saruji.

Nilistaafu mwaka 2014. Shamba langu la ekari nne liko upande wa chini wa Kaunti ya Makueni, kilomita tatu na ushei kutoka kwa transfoma iliyo karibu nami. Mwaka 2015 serikali ilipotangaza kwamba ada ya kuunganishiwa umeme itapunguzwa kutoka takriban shilingi 35,000 hadi shilingi 15,000, watu wa sokoni walishangilia, nami nikashangilia pamoja nao. Halafu tukaelezwa kwamba mpango ule uliwalenga wenye nyumba zilizo katika mita 600 kutoka kwa transfoma. Sikuhitaji rula kujua kwamba nimeachwa nje ya duara.

Nikasema moyoni, basi, nitajitegemea. Nilikuwa nimekwisha kujenga nyumba ya mawe yenye paa la mabati, nyumba ambayo mwalimu hustahili kuonekana amejenga baada ya miaka zaidi ya thelathini ya chaki. Nikachukua sehemu ya kiinua mgongo changu, shilingi 148,000, nikaenda mjini na kununua paneli, betri nne, inveta, nyaya na taa. Fundi akaja, akapanda juu ya paa, na jioni ile nyumba ikawaka kama meli. Watoto wa jirani walisimama kwenye ua kutazama. Nikajiona nimeushinda ulimwengu.

Asubuhi yake alikuja jirani yangu, mama mzee ambaye sote hapo kijijini humwita Nyanya. Aliketi kwenye kigoda, akazisifu zile taa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, taa zako ni nzuri kweli. Sasa usiku tutaona vizuri kwamba mtungi ni mtupu." Nikacheka, jinsi mtu acheksavyo mzaha wa mkubwa wake kabla hajauelewa.

Nilikuja kuuelewa mwezi wa Julai. Wanaoishi nyanda za juu, wanaoona mvua karibu kila mwezi, huenda wasijue kiangazi cha Ukambani kilivyo. Masika humalizika mwezi Mei, tena mara nyingi hutudanganya. Vuli, ambayo ndiyo mvua tunayoitegemea, huanza mwishoni mwa Oktoba. Kati ya hapo ni vumbi. Nyumbani kwangu tulikuwa watu sita na ng'ombe wawili. Mtu mmoja akijinyima hutumia lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Ng'ombe mmoja hunywa lita 40 na huenda zikazidi jua likiwa kali. Kwa hiyo kila siku nilihitaji mitungi kumi ya lita 20, nayo iliteremshwa kutoka migongoni mwa punda wa mtu mwingine, minne kwa kila punda, kwa shilingi 30 kila mtungi.

Kisha ukaja ukame ule uliotangazwa kuwa janga la kitaifa mwezi Februari 2017. Mtungi ukapanda hadi shilingi 50. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: mitungi kumi kwa siku, shilingi 500, siku thelathini, shilingi 15,000. Ile ada ambayo majirani zangu wa sokoni waliilipa mara moja tu maishani ili wapate stima, mimi niliilipa kila mwezi ili nipate maji. Ng'ombe mmoja niliuza akiwa mbavu tupu. Na maji yenyewe yalitoka kwenye mashimo ya mtoni, ambako wasichana waliostahili kuwa darasani walisubiri zamu tangu alfajiri.

Wakati huo zile taa nazo zilikuwa zimeanza kufifia. Mwenye duka, ambaye simtaji, alikuwa ameniapia kwamba betri zake zingehudumu miaka kumi. Hazikumaliza miwili. Baadaye nilijifunza kwamba aliniuzia betri za gari. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena mara moja. Ukiikamua polepole usiku kucha kila siku, unaiua. Lakini haki isemwe, si yeye tu aliyeziua. Kijana wangu alikuwa akipiga pasi mashati yake kwa umeme ule. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa kwa nusu saa hula umeme wote ambao paneli ya wati 100 huukusanya kwa saa tano za jua kali. Shati moja la Jumapili lilikuwa likimeza jua la siku nzima. Ikanilazimu kuifukua stoo ile pasi ya makaa ya marehemu mama yangu, nayo hadi leo ndiyo inayotumika.

Hayo yote ni makosa ya mtu asiyejua, na mtu asiyejua husamehewa. Lakini liko moja ambalo sijajisamehe.

Nyumba yangu ilikula malori saba ya mchanga. Wakati wa kujenga nilisimama kandoni nikiyahesabu malori yale yakishuka mtoni na kupanda, na jambo pekee lililonishughulisha lilikuwa kwamba dereva asiniibie kipimo. Mto wetu ni mto wa msimu. Hutiririka kwa siku chache katika mwaka, kisha huonekana umekufa. Kumbe haujafa, umezama. Maji hujificha ndani ya mchanga, na hukaa humo miezi mingi baada ya mvua kukoma, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Mama zetu huchimba kwa kibuyu na kuyachota. Ukiuondoa mchanga, mafuriko hupita juu ya mwamba mtupu na kwenda zake hadi baharini, yakikuachia tope na mawe. Mchanga uliosakafia chumba changu cha kulala ndio uliokuwa mtungi wa Nyanya. Nilikuwa nikinunua maji kwa shilingi 50 kutoka mto ambao nyumba yangu ilikuwa imekwisha kuunywa.

Sikuwa peke yangu, na sisemi hivyo ili nijitetee. Mchanga wa mito ya Machakos na Makueni umekuwa ukibebwa usiku na mchana kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi, na ugomvi juu yake umewahi kumwaga damu. Serikali ya Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia mchanga mwaka 2015, nami naihesabu kuwa miongoni mwa sheria za maana zilizopata kutungwa na kaunti yoyote tangu ugatuzi uanze. Ila sheria ile ilikuta sakafu yangu imekwisha kukauka.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeuliza idadi ya paneli, fuata utaratibu huu: maji kwanza, udongo pili, moto wa jikoni tatu, na taa mwisho. Wala sisemi taa haina maana. Nimewahi kusahihisha insha zilizonuka mafuta taa, na nimeona macho ya watoto mekundu kwa moshi wa koroboi. Tena sisi walimu tuna sehemu ya heshima katika historia ya sola nchini. Mwaka 1984, huko Meru, Mmarekani kijana aliyekuwa akifundisha katika Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Mark Hankins, alishirikiana na mhandisi Harold Burris kuitilia shule hiyo taa za nguvu za jua, na waliozitamani wakataka za kwao majumbani. Kutoka mwanzo kama huo biashara ile ilienea, na walimu walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wa kwanza. Ninachosema ni kwamba taa hununuliwa siku yoyote. Paneli ni kitu cha dukani, na bei yake imekuwa ikishuka. Maji hayangoji. Mvua iliyonyesha juu ya paa lisilo na mifereji imekwisha kwenda.

Haya, tulifanye zoezi hili ubaoni, kwa kuwa hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita aiweza. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa langu lina mita 120 za mraba. Mvua ya milimita 500 kwa mwaka, ambayo hata kwetu si ya kujivunia, humwaga juu yake lita 60,000. Toa sehemu moja kwa tano inayorushwa na upepo, inayovuja na inayokauka, unabaki na lita 48,000. Watu sita wakitumia lita 120 kwa siku, kiangazi cha siku 140 chahitaji lita 16,800. Yaani tangi la lita 20,000, lililojengwa kabla ya chumba cha wageni, lingetuvusha kutoka Juni hadi Oktoba bila punda hata mmoja kufika langoni. Nilijenga chumba cha wageni. Wageni walikuja mara mbili.

Tangi lenyewe lina masharti yake. Mifereji iinamishwe kidogo kuelekea tangi ili maji yasituame na kuzaa mbu. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe kando, maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufungwe wavu. Fundi wa mabati wa sokoni ayajua haya yote. Kinachokosekana ni mwenye nyumba wa kumwagiza.

Udongo ni hadithi ndefu, na wenyeji wa Ukambani ndio wanaopaswa kuisimulia. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika juu ya mmomonyoko wa udongo wa Machakos ripoti iliyojaa kukata tamaa, na mwaka uliofuata, serikali ilipotaka kuwapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu, Muindi Mbingu aliwaongoza watu kwenda Nairobi kulalamika. Wakati huo wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwaka 1990 walikuwa wamefika takriban milioni 1.4. Mtu yeyote angetabiri jangwa. Lakini watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha mwaka 1994 kitabu kilichoonyesha kwamba ardhi ile ilikuwa na hali bora kuliko miaka ya thelathini, maana wenyewe walikuwa wameilinda kwa matuta. Matuta yale huitwa fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, ili mvua baada ya mvua shamba lijisawazishe lenyewe kama ngazi. Hufurahi kila nikikumbuka kwamba wataalamu wa ng'ambo nao huandika fanya juu katika vitabu vyao kwa Kiswahili hicho hicho. Msamiati wetu haukukopwa mkia hapo; ulikopwa kichwa.

Kwenye matuta yangu sasa kuna mbaazi, kunde na mtama, na mahindi ya Katumani ambayo hukomaa kabla mvua haijatoroka. Mipakani nimepanda mikau, mti wetu wa Ukambani ambao mbao zake hazichezewi na mchwa. Jikoni, badala ya mafiga matatu tuna jiko la udongo la kuni, nalo limepunguza safari za kutafuta kuni. Kuna waliopendekeza gesi ya samadi, na nakubali ni kitu kizuri. Ila kila ndoo ya samadi huhitaji ndoo ya maji ya kuikoroga, na ng'ombe wenyewe lazima wafungiwe zizini na kuletewa chakula na maji. Unaona tumerudi pale pale.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu. Wengi wetu tunapoota kuishi mbali na nyaya za stima, kwa kweli tunaota kuishi mbali na watu. Tunataka lango, ua wa seng'enge na mbwa. Tumewasikia watu wa nchi za nje wakisifu maisha ya mtu mmoja na familia yake msituni, na tukayaonea wivu. Katika nchi kavu mpango huo hauwezekani. Tangi la paa laweza kuwa la mtu mmoja, lakini mto hauwezi.

Nilijifunza hilo mwaka 2018, wanakijiji walipoamua kujenga bwawa la mchanga. Ufundi huu si mgeni huko. Huko Kola, Machakos, marehemu Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, na mabwawa ya aina hiyo yamejengwa kwa mamia Ukambani tangu wakati huo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko huja na mchanga na kuulundika nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu. Mpita njia akiona bwawa limejaa mchanga hudhani limeharibika, kumbe ndipo limekamilika. Kama robo ya lundo lile, na pengine zaidi, huwa ni maji yaliyokaa kati ya chembe. Jua haliyanyonyi upesi, mbu hapati pa kutagia, wala ng'ombe hawezi kuingia akayachafua.

Kazi ilifanywa na mwethya, vile vikundi vya Wakamba vya kusaidiana, ambavyo wengi wa wanachama wake ni akina mama. Kila boma lilitoa mtu mmoja kila Jumatano. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilijiteua kuandika mahudhurio. Nilikuja na daftari na kalamu mbili, nikaketi kivulini. Nyanya alipita karibu yangu na jiwe kichwani, akasimama. "Daftari halibebi mawe, Mwalimu," akasema, akaenda zake. Nikalifunga. Pamoja na mgongo wangu nilitoa mifuko thelathini ya saruji, ndiyo faini niliyojitoza kwa malori saba.

Simaanishi kwamba wananchi wakibeba mawe basi serikali ipumzike. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haikusema kila mtu aliye karibu na bomba. Nami hushangaa nikitazama shule zetu. Mwaka 2013 palipotolewa ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, shule za msingi za umma ziliunganishiwa umeme kwa kasi ambayo sijapata kuiona maishani mwangu, na zile zilizokuwa mbali na nyaya zikawekewa sola. Ilidhihirika kwamba pakiwa na nia, mafundi hupatikana. Lakini katika shule ngapi za nchi kavu mtoto bado huagizwa aje na kibuyu au mtungi mdogo wa lita tano kutoka nyumbani, ilhali juu ya kichwa chake kuna paa lisilo na mfereji?

Chukua shule ya madarasa manane, kila moja likiwa na paa la mita 60 za mraba. Ni mita 480. Kwa mvua ile ile ya milimita 500, na baada ya kutoa hasara ile ile, ni lita 192,000. Wanafunzi 300 wakipewa lita mbili kila mmoja kwa siku, maji hayo yangewatosha siku 320, na mwaka wa masomo haufikishi hata siku 200. Najua tangi la kuyahifadhi yote ni ghali. Basi lijengwe la sehemu moja kwa tano. Yule mtoto wa kike anayefika saa tatu kwa sababu alianzia mtoni ataanza kufika saa mbili. Kamati za shule zijadili mifereji kabla ya kujadili lango jipya lenye jina la shule kwa rangi. Na mwalimu wa hisabati asiyejua afundishe nini katika mada ya ujazo awatoe wanafunzi nje wakalipime paa lao.

Mimi mwenyewe nimejenga tangi, mwaka 2019, miaka mitano baada ya wakati wake. Nina paneli mbili, betri moja ya sola ya kweli, taa nne, redio na mahali pa kuchajia simu, na jioni wajukuu husoma. Hilo ndilo jibu la swali la paneli: mbili zilitutosha, baada ya kila kitu kingine kuwa mahali pake.

Ule ukuta wa mtoni sasa mchanga umeufikia zaidi ya nusu. Nyanya huteremka huko kwa mkongojo na kuuchomeka mchangani kupima, kisha huja kuniarifu kana kwamba mimi ndiye mkaguzi. Kiangazi kilichopita alichimba kwa mikono na maji yakaonekana kwenye kina cha kiwiko, mwezi Septemba, mwezi ambao zamani punda walikuwa wakipanga foleni. Upande wa kushoto wa ukuta kuna ufa. Fundi asema si kitu. Mimi na Nyanya hatumwamini. Tumekubaliana kuuziba kabla ya vuli, Jumatano ya kwanza baada ya kuvuna mbaazi, na safari hii daftari nitaliacha nyumbani.